Kupiga Picha Matembezini, Bara na Pwani

Zamani kamera ilikuwa chombo cha watu wachache. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ndogo ya sanduku iitwayo Brownie, kwa bei ya dola 1, na watu wa kawaida wa nchi zile wakaanza kujipigia picha wenyewe. Huku kwetu, kwa miaka mingi baadaye, mtu aliyetaka picha alivaa nguo zake njema akaenda studio, akasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, akaambiwa asitikisike. Leo mambo yamegeuka. Kijana achungaye mbuzi Kajiado na mama auzaye samaki Kilifi huenda wote wawili wana simu yenye kamera ndani yake, nayo yaipita mbali ile ya sanduku.

Kwa hiyo hapana haja tena ya kuuliza ni nani mwenye kamera. Jambo la kuuliza ni kwa nini picha nyingi zipigwazo matembezini hazimfai hata aliyezipiga. Baada ya mwaka mmoja hajui pale ni mahali gani, yule ni nani, wala siku ile ilikuwa siku gani. Na uso wa rafiki yake, uliokuwa ukicheka, umekuwa doa jeusi mbele ya bahari nyeupe. Twataka kueleza hapa mambo machache yampasayo mtu atembeaye kwa miguu na kamera yake, mlimani au ufuoni. Hayahitaji fedha nyingi. Yataka kungoja, kuuliza na kuandika.

MWANGA WA NCHI YETU

Vitabu vya kupiga picha vilivyoandikwa Ulaya husifu mwanga wa jioni, ule wa manjano ambao huko, wakati wa kiangazi, hudumu kwa muda mrefu. Msomaji wa Kenya asivifuate kwa jambo hili. Nchi yetu imekatwa na Ikweta, na jua letu hupanda karibu wima na kushuka vivyo hivyo. Mwaka mzima huchomoza na kuchwa karibu na saa kumi na mbili, likipita kidogo au likipunguka kidogo. Mwanga mwororo wa asubuhi hauzidi sana saa moja. Ikifika saa tatu jua limekwisha kuwa kali, na saa sita kivuli cha pua huanguka mdomoni na macho huwa mashimo mawili. Atakaye picha njema ya nchi, basi, ni lazima aondoke nyumbani kungali giza, ama awe tayari mahali pake tangu saa kumi na moja jioni, asije akakimbizana na jua liendalo zake.

Mfano mzuri ni vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, ambavyo kilele chake kirefu hufikia mita 2,460 hivi. Atembeaye juu ya mgongo wa vilima hivyo asubuhi huwa na jua upande wa mashariki, na Bonde la Ufa liko chini yake upande wa magharibi. Akiligeukia bonde, jua huwa mgongoni pake, na kila kilima kidogo kule chini huonekana na kivuli chake. Jioni mambo hugeuka: bonde lote huwa ukungu wa rangi ya majivu, lakini mtu au mti uliosimama juu ya mgongo wa kilima hukatika wazi mbele ya mbingu kama sanamu. Mahali ni pamoja, picha ni mbili mbalimbali, na hakuna aliyehamisha kitu ila jua. Mwezi wa Julai mara nyingi vilima hivyo hufunikwa na ukungu mpaka katikati ya asubuhi. Wengi hukasirika wakarudi. Aliyekaa akangoja ataona ukungu ukipasuka, na huo ndio wakati wa kupiga.

Shida iliyo kubwa zaidi kwetu, ambayo wale waandishi wa Ulaya hawakuijali sana, ni ngozi nyeusi mbele ya mahali peupe. Kamera hupima mwanga wote uliopo mbele yake. Ikiona mchanga mweupe na mbingu yenye kumetameta, hudhani mwanga ni mwingi mno, nayo huupunguza. Mchanga hutoka vizuri na uso wa mtu hutoka mweusi usio na macho. Tena katika siku za filamu za rangi kosa hili lilizidi, kwa sababu kwa miaka mingi rangi za filamu na mitambo ya kuzichapisha zilisawazishwa kwa kufuata kadi zilizokuwa na picha za wanawake wa Kizungu. Watu wetu walioona nyuso zao zimekuwa kama masizi hawakuwa na kosa lolote la sura.

Dawa yake ni nyepesi. Msogeze mtu kivulini, chini ya mwembe au mlangoni mwa nyumba, uso wake ukielekea nje kwenye mwanga na nyuma yake pawe na giza kidogo. Ukiwa na simu, gusa uso wake juu ya kioo, na simu itapima mwanga wa pale ulipogusa. Kabla ya yote, pangusa kile kioo kidogo cha kamera kwa kitambaa safi cha pamba, maana simu hukaa mfukoni na mkononi, na picha nyingi zisemwazo kuwa na ukungu zina mafuta ya vidole tu.

MAJI YANAPOPWA

Kwa mtu wa pwani maneno yafuatayo ni ya kitoto, na aweza kuyaruka. Lakini watu wengi wa bara hushuka Diani, Watamu na Malindi siku za mapumziko, nao hutembea kwenda mwambani na kamera zao bila kujua tabia ya maji.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa mchana na usiku mmoja, na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika 50 hivi kupita jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Siku za nusu mwezi huwa maji mafu, wala hayaendi mbali. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Huo ndio wakati mwamba unapokuwa mkavu, na vidimbwi vyake vimejaa samaki wadogo, kaa na matumbawe.

Hapa kanuni tuliyoitaja ya kuliepa jua kali yapaswa kuvunjwa. Jua likiwa juu, mwanga huingia moja kwa moja ndani ya maji, na mtu huona chini ya kidimbwi kama aonavyo chini ya bilauri. Asubuhi mapema au jioni maji hayo hayo hung'aa kama kioo, na picha huwa ya mbingu. Simama mahali ambapo kivuli chako hakiangukii kidimbwi, inama mpaka uone mng'ao umeondoka, ndipo upige.

Hatari iko nyuma yako. Kati ya ufuo na mwamba mara nyingi pana bonde lililo chini kuliko mwamba wenyewe. Maji yanapoanza kurudi huingia kwa milango iliyopo katika mwamba na kujaza bonde hilo kwanza. Mtu aliyesimama juu ya mwamba, ameielekea bahari kuu na jicho lake limo katika kamera, huona miguu yake ingali mikavu na kusema wakati upo. Kumbe njia ya kurudi imekwisha kufungwa. Mwandishi wa maneno haya alirudi siku moja maji yakiwa kifuani, viatu vimening'inia shingoni na kamera iko kichwani, na aliyemwonyesha njia ni mama mmoja mchokoa pweza ambaye alikuwa amemwita muda mrefu bila kusikiwa. Kwa hiyo kabla hujaenda waulize wavuvi saa ya maji kugeuka, nenda yakiwa yangali yanapwa, na uondoke mwambani kabla hayajageuka. Wale kina mama wa pweza wanajua kuliko saa ya mkononi: ukiwaona wanafunga vitu vyao wanarudi, nawe funga kamera yako.

Jambo jingine la pwani ni upande wa jua. Pwani yetu yaelekea mashariki, na jua huchomoza baharini lakini huchwa nyuma ya minazi. Atakaye jua la machweo juu ya maji na aende kwenye hori, kama Mida, Mtwapa au Kilifi, asimame upande wa mashariki wa maji. Kule Mida, mikoko hukatika mbele ya mwanga huo tawi kwa tawi, na ndege wa pwani hushuka kula katika matope maji yanapopwa.

KABURI LENYE TAREHE

Kutoka Mida si mbali kufika Gede, mji wa kale wa Waswahili uliomo msituni, ambao mwaka 2024 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mji huu ulihamwa katika karne ya 17, na miti ikamea ndani ya majumba na misikiti. Bwana James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Pale pana kaburi moja ambalo mpiga picha asilipite, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399. Tarehe hiyo moja iliwasaidia wataalamu kukadiria umri wa mambo mengine mengi katika mji huo, ambao majumba yake hayakuandikwa kitu.

Maandishi yaliyochorwa juu ya chokaa ni magumu kupigwa picha. Ukisimama mbele yake huku mwanga umetoka nyuma yako, herufi hupotea na ukuta huwa mtupu. Ngoja mwanga uje kwa ubavu, ama ushike karatasi nyeupe upande mmoja iurudishe mwanga kwa kuinama. Mara herufi zitajaa vivuli na kusomeka. Njia hiyo yafaa pia kwa milango ya nakshi ya Lamu na kwa mawe ya makaburi ya kijijini kwenu. Usiguse maandishi, wala usiyatie maji au chaki ili yaonekane, kama wafanyavyo watu wengine. Chokaa iliyodumu miaka 600 yaweza kubanduka kwa kidole.

ULIZA KWANZA

Mtu si kaburi wala mwamba. Ana uso wake na heshima yake, na kumpiga picha akiwa ameinama kazini, nguo zimelowa matope, bila kumwambia neno, ni kumnyang'anya. Wengine husema picha ya kuulizia si ya kweli, kwa kuwa mtu hujipanga. Hilo ni kweli kwa dakika tano za kwanza. Msalimu, keti, uliza habari za kazi yake, na yeye atachoka kujipanga mapema kuliko utakavyochoka kungoja.

Tena timiza ahadi. Nilimpiga picha mzee mmoja fundi wa ngalawa, nikamwambia nitamletea nakala. Nikakawia zaidi ya mwaka. Nilipomfikia na kumwamkia, alipokea picha, akaitazama sana, akasema, "Marahaba. Mwanangu, nalidhani umeniuza." Sikuwa na jibu. Watu wengi wa pwani wamepigwa picha na wageni maisha yao yote, nao hawakupata kuona hata moja. Na nyingine waliziona kwa bahati zikiuzwa kwenye kadi madukani.

Sheria pia ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu, na tangu mwaka 2019 iko Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 shule moja na kilabu kimoja cha starehe vilitozwa faini kwa kutangaza picha za watu bila ridhaa yao. Za shuleni zilikuwa za watoto. Mtembezi apigaye picha za kumbukumbu zake hana haja ya kutishika, lakini akizitangaza au kuziuza, na awe ameuliza. Mbele ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, kamera ikae mfukoni. Na katika makaya ya Wamijikenda, yale misitu mitakatifu iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, usiitoe mpaka wazee wamekuambia wapi yaruhusiwa na wapi hairuhusiwi. Wakisema hapana, basi ni hapana. Tembea na utazame kwa macho.

VIGANGO VIWILI

Kuna kisa kimoja cha kweli kinachoonyesha picha ya kawaida yaweza kufanya nini. Kigango ni gogo la mti mgumu lililochongwa, ambalo Wagiriama na jamaa zao husimamisha kwa ajili ya mzee aliyefariki aliyekuwa wa chama cha Gohu. Kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Lakini tangu miaka ya 1970 na 1980 wezi walivichimbua vingi, wakaviuza kwa wafanya biashara, navyo vikafika Marekani, vikasimamishwa katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho.

Mwaka 1985 mtaalamu wa mila za watu, Bibi Monica Udvardy wa Marekani, alimpiga picha mzee mmoja wa bara ya Kilifi, amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Aliporudi kumpa mzee nakala yake, akaambiwa vigango vimeibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, alionyeshwa picha ya kigango kilichokuwa katika jumba la makumbusho, akakitambua: kilikuwa kimojawapo cha vile viwili. Cha pili kikaonekana katika jumba jingine. Hapana aliyeweza kukana, kwa sababu picha ilikuwapo, na mwenye kuipiga alijua ni kwa nani, wapi na lini. Vigango vilirudi Kenya zaidi ya miaka 20 baada ya kuibwa. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Katika kisa hiki mtu angalie pande mbili. Picha iliyo sahihi yaweza kuwa shahidi. Lakini picha hiyo hiyo, ikitangazwa ovyo, yaweza kumwonyesha mwizi njia. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, na atakayeipokea huenda akapasoma. Upigapo picha ya kigango, ya chombo cha kale au ya kiota cha ndege adimu, funga sehemu hiyo ya simu kabla hujaituma, na jina la kijiji liandike katika daftari yako.

DAFTARI NA SANDUKU

Daftari hiyo ndiyo twaishauri kuliko kamera mpya. Jioni ile ile ya matembezi, kabla ya kulala, andika kwa kila picha iliyo ya maana: tarehe, mahali, jina la mtu na la baba yake, alikuwa akifanya nini, na kwamba alikubali. Usiseme utakumbuka. Picha za studio za miaka ya 1950 na 1960 zingali zimejaa masandukuni mwa wazee wetu, nyingine nzuri ajabu, na nyuma yake hazina neno. Wajukuu huulizana yule mwenye kanzu ni nani, na aliyejua amekwisha kuzikwa. Kama una picha za namna hiyo nyumbani, zichukue kwa bibi yako wiki hii, uandike majina nyuma yake kwa kalamu ya risasi iliyo laini, bila kukandamiza.

Pwani ina adui wawili wa picha. Wa kwanza ni chumvi na mchanga: urudipo kutoka ufuoni pangusa kamera au simu kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya kisima au ya mfereji, kisha kwa kikavu, na usiifungue mahali penye upepo wa kusi. Wa pili ni unyevu, uoteshao kuvu juu ya picha na hata ndani ya vioo vya kamera. Usifungie kamera katika mfuko wa ngozi kwa miezi. Iweke penye hewa, ama katika chombo chenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu viwekwavyo ndani ya masanduku ya viatu vipya, ambavyo watu huvitupa.

Picha zilizo ndani ya simu hufa pamoja na simu. Kila baada ya miezi michache chagua kumi au ishirini, uzichapishe, na uweke nakala nyingine katika kompyuta au kwa ndugu akaaye mji mwingine, kusudi moto au mafuriko yasichukue zote mara moja. Na katika zile ulizochapisha, ya mtu uliyemwahidi iende kwake kwanza.